Masika ya Bamba la Chuma

Tarehe 3 Aprili

Toka Gatumba mpaka Gasenyi hakuna lori lisilonijua. Likinisikia naita "Kuja, kuja, kuja!" linarudi nyuma lenyewe, hata dereva akiwa amelala. Mi ndiye Karimu wa Buyenzi. Shule niliiacha darasa la nane kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa, nikawaonea huruma. Na leo Mzee Khaled, patroni wetu, ameniita ofisini mbele ya watu wote akanipa kazi ambayo hajawahi kumpa mtu: kuchagua vyombo vya kee.

Kwa asiyejua, kee ni ule ukingo mpana wa saruji mbele ya depo, unanifika kifuani. Lori linageuza mgongo linakuja kuuegemea, milango inafunguliwa, halafu Papa Léonce anaingia na klaki kutoa paleti za mchele na sukari. Klaki ni ile mashine ya meno mawili, Watanzania wanaiita foklifti. Shida ni kwamba kati ya kee na lori inabaki nafasi, na hakuna malori mawili yenye kimo kimoja. Sisi tunaziba kwa mbao. Mwaka jana mbao zililowa, klaki ikateleza, gurudumu moja likabaki linaning'inia hewani, na Papa Léonce juu yake anamwomba Mungu kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili asikose atakayesikia.

"Karimu," patroni amesema, "we si unajifanya unajua? Mvua ndiyo hii. Nitafutie kitu ambacho hakitaniulia muzee wangu."

Nimemjibu: "Patroni, hesabu kama kimeshapatikana."

Dada Mwantum, nilipomwambia nyumbani, amecheka mpaka akakalia unga.

Tarehe 4 Aprili

Nimezunguka mji. Kwenye depo moja kubwa karibu na bandari nimeona mlango wa chuma uliolala chini, ukibonyeza kidude unainuka wenyewe na ulimi unatoka unalala juu ya lori. Mzuri, wallahi. Lakini unakula umeme, na umeme wetu unajulikana tabia yake. Ukikatika klaki ikiwa katikati, unafanya nini? Unaimba?

Cha pili nimekiona dukani, mtaa wa Asiatique: bamba la aluminiamu lenye mpira chini. Watu wawili wanalibeba huku wanaongea. Papa Léonce nilikwenda naye, akalipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hili," amesema. "Hili linatosha."

Nimelipiga teke. Limelia kama kifuniko cha sufuria. "Papa Léonce, hili la kupikia maharage. Klaki yako ikipanda hapa tutakuokota kwa kijiko."

"Limeandikwa uzito linaobeba. Soma."

"Maandishi hayabebi mchele."

Cha tatu ni cha kwangu mwenyewe: bamba la chuma nene, lenye vinundu ili gurudumu lisiteleze, lenye kingo pande mbili ili klaki isitoke njiani, na ndoano chini ya kulishikia kwenye kee. Fabrice fundi wa kuchomelea, wa hapa kwetu Buyenzi, amesema atalitengeneza. Nimepima malori yakiwa yamejaa na yakiwa matupu, maana lori likipunguziwa mzigo linainuka, na bamba lisipokuwa refu klaki inapanda mlima. Hilo hata patroni alikuwa halijui. Amenitazama vizuri.

Tumechukua na kabari mbili za mpira za kutia chini ya magurudumu, na matairi makuukuu ya kutundika kwenye kee lori lisije likatubomolea saruji. Papa Léonce bado analitaka lile la aluminiamu. Anaendesha klaki kama amebeba mayai ya mama mkwe, na anachagua bamba vilevile.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Mafuta hakuna mjini, malori yamelala njiani. Nimecheza karata, nimeshinda zote.

Tarehe 9 Aprili

Bamba limekuja. Watu sita kulishusha, na wa saba mi, wa kuwaambia wanabeba vibaya.

Tumelitandika. Lori la kwanza lilikuwa la sukari. Papa Léonce amefanya alama ya msalaba, akaingia taratibu. Magurudumu ya mbele yamepanda: gba! Ya nyuma: gba! Depo nzima imetikisika. Njiwa wote wa paa wamehama. Wabebaji wameshangilia, patroni ametoka ofisini na simu sikioni akainua kidole gumba.

"Unasikia?" nimemwambia Papa Léonce. "Hiyo ndiyo sauti ya kazi."

Ameshuka, akalipiga bamba kwa kisigino. "Halitikisiki, kweli. Lakini hii kelele siipendi, mutoto."

"Utaizoea."

"Apana. Kuna kitu."

Kuna kitu! Wazee wakikosa kasoro wanasema kuna kitu.

Tarehe 12 Aprili

Mvua toka alfajiri. Lori moja. Gba, gba, siku nzima kichwani.

Tarehe 14 Aprili

Mwandiko wa leo ni mbaya, dada Mwantum asiseme.

Lazima nieleze kwanza jambo ambalo kila mtu wa lori analijua mpaka halisemi. Dereva akiwa mbele haoni nyuma. Anasikia. Ukigonga bodi kwa kiganja mara moja, ni simama. Ukigonga mara mbili, ni twende. Hivyo ndivyo Dar, hivyo ndivyo Bukavu, hivyo ndivyo hapa. Tandiboi, yaani utingo, anazaliwa anajua. Na kwenye kee ya Mzee Khaled mgongaji ni mi.

Sasa Papa Léonce alikuwa anaingia kuchukua paleti ya nne. Gurudumu la mbele, gba. La nyuma, gba. Na lori likasogea.

Shubiri moja tu. Nimeona kwa macho yangu ulimi wa bamba ukikwaruza sakafu ya lori unarudi nje, nimeona chini yake kiza cha ile nafasi. Nimepiga kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Dereva akakanyaga breki. Papa Léonce alikuwa amekaa juu ya klaki ameshika usukani na mikono miwili, uso umekuwa kama majivu.

Dereva amekuja nyuma, amekasirika. "Si mmegonga? Mara mbili nimesikia!"

"Nani amegonga? Mimi niko hapa na mikono mifukoni!"

Ndipo nikaelewa. Jamani! Bamba ndilo lililomwambia twende. Mbao zilikuwa hazisemi kitu. Chuma kinagonga mara mbili kila klaki inapopita, na chuma kinaegemea bodi la lori, kwa hiyo dereva anakisikia mgongoni kwake kama kiganja cha mtu.

Nimewaeleza wote. Patroni ameniuliza mara tatu, nikaeleza mara tatu. Mara ya tatu nimeongeza na mifano. Wamenisikiliza kama imamu. Lakini sikufurahi kama ninavyofurahi siku zote. Yule muzee alikuwa anajaribu kunywa maji na kikombe kinagonga meno.

Tarehe 15 Aprili

Nimetunga sheria, na patroni amezikubali. Dereva azime mota. Dereva anipe funguo. Dereva ateremke aje anywe chai upande wetu. Kabari mbili chini ya magurudumu, nazitia mi, nazitoa mi. Na kwenye bamba tumebandika vipande vya tairi ili lipunguze mdomo.

Depo ya jirani wamekuja kuniuliza. Nimewaambia mashauriano ni kwa miadi.

Tarehe 20 Aprili

Mvua. Mvua. Uwanja umekuwa ziwa, kabari zinataka kuogelea. Kila lori likirudi nyuma nazikagua mara mbili mbili. Sijamwambia mtu.

Tarehe 25 Aprili

Vipande vya tairi vimetoka. Maji na jua, gundi imekubali kushindwa. Bamba limerudia kusema. Nimemwambia patroni, amesema wiki ijayo. Basi ni funguo na kabari tu zinazotulinda.

Leo mvua ilitulia kidogo, Papa Léonce akanipandisha klaki. Mara ya kwanza! Nimeendesha mpaka ukutani, na ukuta ndio ulionisimamisha.

"Sha, mutoto, unakimbilia wapi?" amesema. "Mchele umekufa, hauna haraka."

"Papa Léonce, mbona we unakwenda pole hivi? Watu wanakucheka." Sikusema kwamba mchekaji mkuu ni mi.

Amezima klaki. "Mama Christa, bibi yangu, ananisubiri kwenye mlango kila jioni. Hata mvua ikinyesha. Akisikia ving'ora upande wa depo, anatoka na viatu vya ndani. Basi mi nakwenda pole."

Nimeshuka nikamfutia kiti. Toka leo akiingia ndani ya lori mi simwangalii kama zamani. Namwangalia kama vile nimeshika kikombe cha mtu mwingine, naogopa kukivunja.

Tarehe 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Gwaride, fulana mpya. Mvua imetulowesha wote, patroni na wabebaji sawasawa.

Tarehe 6 Mei

Mafuta yameingia mjini. Malori yote yaliyokuwa yamelala njiani yameamka kwa pamoja, foleni inafika barabarani. Patroni ana wazimu, mchele wa watu unaloa ndani ya maturubali.

"Kwa siku tunaweza mangapi?" ameuliza.

Papa Léonce amesema mawili. Mi nimesema: "Matatu, na kabla ya Alasiri. Na bamba langu? Matatu, patroni. Nisipofanya niite jina la kike."

Patroni amefurahi, ameshapiga simu kuwaahidi watu. Sasa nimelala chali natazama bati, nasikia mvua, najiuliza mdomo huu nani aliniwekea.

Tarehe 9 Mei

Nataka kuandika ya jana.

Lori la kwanza na la pili yalikwenda vizuri. La tatu lilikuwa la Idi, dereva wa Kahama, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, mcheshi. Alipogeuza mgongo nikamfuata mlangoni kuomba funguo.

"Ndugu yangu, nikizima hapa haliwaki," amesema. "Stata imekufa toka Nyakanazi. Mtalisukuma nyinyi kwenye haya maji?"

Nimeangalia maji. Nimeangalia foleni. Patroni alikuwa anapiga kelele kwenye simu. Nimesema: "Sawa, liache liungurume, lakini usishuke na usiguse kitu mpaka nikugongee."

"Mkuu umesema."

Kabari nikatia. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunaongea kwa mikono. Papa Léonce akaanza. Kuingia, kutoka, kuingia, kutoka, gba-gba, gba-gba, na Idi hakusogea hata kidogo, maana nilikuwa nimemwonya. Alasiri ilikuwa inakaribia. Lori lilikuwa karibu limekwisha.

Ndipo bamba lilipolia na lori likaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Klaki ilikuwa inatoka kinyumenyume. Lori lilivuta mbele, ulimi wa bamba ukaachia, bamba likaanguka chini na sauti ambayo depo nzima imeisikia. Klaki ikakaa kwenye nafasi, ikainama, ikalala. Papa Léonce alikuwa chini yake kuanzia goti. Hakulia. Alisema tu "Eh, eh, eh," kama mtu anayemkataza mtoto. Wabebaji wote wameruka, hata wale wanaogombana, wamenyanyua chuma kile kwa mabega. Mi nilikuwa nimeshika kichwa chake ili kisiingie majini. Alinitazama lakini sidhani aliniona.

Idi alikuja anakimbia. "Niligongewa! Wallahi, niligongewa mara mbili!"

Na mtu mmoja akasema, sijui nani: "Bamba. Ni lile bamba. Karimu alisema."

Wote wakasema: Karimu alisema.

Patroni ameniuliza: "Na kabari?"

Nimesema: "Maji, patroni. Zimebebwa na maji."

Tarehe 10 Mei

Polisi wamemchukua Idi. Lori lake limekaa uwanjani na mvua inaliosha.

Tarehe 11 Mei

Hawajui kama mguu utabaki.

Tarehe 14 Mei

Nimekwenda hospitali na machungwa. Mama Christa, jina lake hasa ni Daphrose, alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, amevaa viatu vya ndani. Alinishika mkono na mikono miwili.

"Ni we Karimu? Anakusema kila siku."

Nikataka kutoka. Papa Léonce amefungua macho. Mguu uko ndani ya vyuma, umefunikwa shuka, na mi sikuangalia upande ule. Daktari amesema wanangoja kama damu itapita mpaka chini. Isipopita watakata.

"Ulitwambia, mutoto wangu," amesema. Sauti imekuwa ndogo. "Toka ile siku ya kwanza ulitwambia lile chuma linasema na madereva. Mi nilisikia kelele tu. We ulielewa."

"Usiongee, Papa."

"Yule dereva wasimfunge. Alisikia alichosikia. Wambie."

Nimesema nitawambia. Machungwa nimeyaacha, moja limebingirika chini ya kitanda na sikuinama kulitafuta.

Dada Mwantum jioni ameniuliza: "We leo hujajisifu hata kidogo. Una homa?"

Tarehe 16 Mei

Patroni amelitoa bamba. Wabebaji wamelivuta mpaka nyuma ya choo, wengine wamelitemea mate. Amenunua lile la aluminiamu, lenye mpira chini. Limetandikwa leo na watu wawili huku wanaongea. Halisemi kitu.

Patroni amenishika bega. "Usijilaumu kwa kulichagua. We ndiye uliyegundua ubaya wake, mi ndiye niliyesema wiki ijayo." Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu mkubwa vile, ananiomba msamaha mi.

Tarehe 18 Mei

Mvua imepungua. Leo nimegonga bodi mara moja, mkono ukakataa mara ya pili. Mbebaji mmoja amenigongea.

Tarehe 20 Mei

Polisi wameita mashahidi kesho kutwa. Tajiri wa Idi, mwenye lori, ametuma mtu toka Kahama. Mtu huyo amekuja depo, ameuliza kwa adabu, ameandika.

"Idi anasema sauti aliyoisikia ilikuwa ya kiganja, si ya chuma. Anasema amesikia chuma muda wote na hakusogea, maana uliona mwenyewe alivyotulia. Anasema anajua tofauti. Polisi hawamwamini. Wanasema anajitetea, na kosa ni lake, hakuzima mota."

Nimesema: "Mvua ilikuwa kubwa."

"Ndiyo. Na we ndiye mgongaji?"

"Ndiyo."

"Hukugonga?"

Wabebaji walikuwa wamekaa pale wanakula. Mmoja akacheka: "Karimu? Huyo ndiye aliyetunga sheria!"

Mi sikusema ndiyo wala apana. Yule mtu akafunga karatasi yake, akashukuru, akaondoka. Alikuwa na viatu vyeupe, vimejaa matope.

Tarehe 22 Mei

Asubuhi Daphrose amepiga simu depo. Damu haikupita. Wamekata chini ya goti.

Baada ya adhuhuri nakwenda polisi. Patroni ameshanitengenezea maneno, ni machache na ni rahisi: bamba liligonga, dereva alisikia vibaya, ni ajali. Anasema hivyo ndivyo itakavyomsaidia hata Idi. Pengine atafungwa kidogo, pengine kidogo zaidi. Bamba haliwezi kufungwa.

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo cha Mwantum. Nimefika "bamba" nikarudi mwanzo, mara nyingi.

Juu huko, siku ya tarehe tisa, nimeandika kwamba bamba lililia na lori likaondoka. Si kweli. Lori liliondoka kwanza. Bamba lililia baadaye, lilipoanguka, na watu wote wakasikia sauti hiyo wakaifanya ya mwanzo.

Papa Léonce alikuwa ametoka na paleti. Mi nikadhani ni ya mwisho. Alasiri ilikuwa bado, lori lilikuwa la tatu, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita patroni aje aone. Nikaruka chini kwenye maji, nikachomoa kabari mbili nikazitupa kwenye kee. Jioni, watu walipokuwa hospitali, nimezitupa mtaroni. Sikuona kama klaki imerudi ndani kuchukua paleti moja iliyopasuka. Ilikuwa ndani, bado haijafika kwenye bamba, inakuja pole kama kawaida yake. Kuangalia ni kuinua shingo tu.

Sikuangalia. Nikagonga bodi mara mbili, kwa kiganja, kwa nguvu, kwa furaha.